Lafudhi ya Zimwi: Filamu ya Kutisha ya Nakuru, Kutoka Wazo Hadi Uteuzi wa Waigizaji

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuisubiri kazi ikamilike ndipo uitathmini. Desturi hiyo yafaa kwa riwaya na diwani, lakini haitoshi kwa filamu, hasa ile inayotengenezwa kwa fedha kidogo na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Katika filamu ya namna hiyo, mambo mengi ya maana huamuliwa kabla picha ya kwanza haijapigwa. Makala haya yanachunguza hatua tatu za mwanzo, yaani wazo, mswada na uteuzi wa waigizaji, tukiichukulia kama mfano filamu ya kutisha ambayo ingetungwa Nakuru na kuhusu Nakuru. Hoja yetu ni kwamba swali gumu kuliko yote katika kazi hiyo ni la lugha: zimwi litasema kwa lafudhi ya nani?

Wapo watakaosema kwamba utanzu huu ni wa kigeni, na kwamba haustahili kushughulisha idara ya lugha. Dai hilo halina msingi. Ngano zetu zimejaa mazimwi wala watu, na watoto wamezisikiliza kwa hofu tangu kale. Tena, utanzu wenyewe umekwisha kuingia katika filamu za Kiswahili: mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mussa Banzi alitengeneza Dar es Salaam filamu za Nsyuka na Shumileta, ambazo hofu yake inatokana na mizuka na majini. Nchini Kenya, Mbithi Masya alionyesha katika Kati Kati (2016) kwamba wafu wanaweza kuwa wahusika kamili wa filamu, ingawa yeye hakukusudia kutisha.

Wazo

Anayetafuta wazo la kutisha Nakuru hana haja ya kwenda mbali. Kaskazini mwa jiji ipo kreta ya Menengai, yenye upana wa takriban kilomita 12 kwa 8. Wagikuyu wameiita Kĩrĩma kĩa Ngoma, yaani mlima wa mizimu. Masimulizi yanayojulikana sana husema kwamba Wamaasai wa Ilaikipiak, waliposhindwa vitani na Wamaasai wenzao katika karne ya 19, walitupwa humo, na kwamba mvuke unaopanda ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka.

Kosa la kwanza la mtunzi ni kudhani kwamba mahali pa kutisha ni wazo tayari. Mahali hutoa picha tu. Mvuke wa Menengai umekuwa ukichimbwa tangu 2011 kwa ajili ya umeme, na mtazamaji wa leo analijua jambo hilo. Kinachotisha katika simulizi hiyo ni wale wafu wenyewe, kwa kuwa walikuwa watu walioondolewa duniani pamoja na haki yao ya kuishi mahali fulani. Katika Bonde la Ufa, jambo hilo si la kale. Watu walifukuzwa na kuuawa mwaka 1992, tena 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008. Kwa hiyo, wazo linalofaa lazima lijibu swali hili: wafu wa Menengai wanataka nini, na wanakidai kwa nani?

Mswada

Mwandishi wa mswada atakutana na tatizo la lugha katika ukurasa wa kwanza, atakapolipa zimwi jina. Akiliita irimu, lile lenye kinywa cha pili kisogoni, amelipa zimwi ukoo wa Kigikuyu. Akiliita chemosit, amelitoa kwa Wakalenjin. Banzi aliweza kulichukua jina Nsyuka kutoka Kinyakyusa na kulipeleka mbele ya hadhira ya Dar es Salaam bila ya jina hilo kuelekeza kidole kwa jirani yeyote. Nakuru hapana nafasi hiyo. Katika jiji hili jina la zimwi huweza kusomwa kama jina la kabila.

Lugha ya Kiswahili nayo haikubaki safi. Neno madoadoa, ambalo kwa maana yake ya asili ni alama ndogondogo za rangi, liligeuka katika siasa za Bonde la Ufa kuwa fumbo la kuwataja watu waonekanao kuwa wageni katika ardhi ya wengine. Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliiorodhesha istilahi hiyo miongoni mwa maneno ya chuki. Mwandishi anayetaka kumtisha mtazamaji kwa neno moja la kila siku amekwisha kulipata. Lakini inampasa ajue uzito wake kabla hajalitia kinywani mwa mhusika.

Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo hutufariji kwa kutuambia kwamba kujuana ni kinga. Matukio ya 2008 yaliitia doa faraja hiyo, kwa maana wengi walishambuliwa na watu waliowajua, na waliojua milango ya nyumba zao. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo hofu halisi ya filamu hii ilipo, wala haihitaji damu nyingi ili ionekane.

Uteuzi wa Waigizaji

Umuhimu wa hatua hii waonekana katika Night of the Living Dead (1968), iliyotengenezwa na George Romero katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kwa takriban dola 114,000. Mswada haukumtaja shujaa wake, Ben, kuwa mtu mweusi. Duane Jones alichaguliwa kwa kuwa aliigiza vizuri kuliko wengine. Ben alikuwa ameandikwa kama dereva wa lori mwenye usemi wa kikorofi. Jones, aliyekuwa msomi, aliyarekebisha mazungumzo hayo. Kwa uteuzi mmoja na usemi mmoja, kifo cha Ben mikononi mwa Wazungu wenye bunduki kilipata maana ambayo mswada haukuwa nayo.

Kenya imezoea lafudhi kwa ajili ya kicheko. Vioja Mahakamani iliwachekesha watazamaji kwa miaka mingi kwa Kiswahili chenye athari za lugha za kwanza. Kicheko husamehe; hofu haisamehi. Lafudhi ileile ikihamishwa kutoka kinywa cha mchekeshaji hadi kinywa cha muuaji, mtazamaji atatoka ukumbini akimwogopa jirani yake.

Je, zimwi liseme Kiswahili sanifu? Sisi walimu tungependa kuitikia upesi, lakini jibu hilo nalo lina kasoro. Bara nchini Kenya, majini huhusishwa na Mombasa, na Kiswahili fasaha huhusishwa na Pwani. Tutakuwa tumeuhamisha mzigo tu.

Ngano zinatupa njia iliyo bora. Katika hadithi zinazosimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki, zimwi huja mlangoni na sauti nzito, watoto wakakataa kufungua. Huenda likailainisha sauti hiyo, likarudi likisema kama mama. Zimwi la Nakuru nalo lisiwe na lafudhi yake. Liazime ya yule linayemwita, limwite kila mtu kwa sauti ya watu wake mwenyewe. Hivyo ndivyo uchochezi ulivyofanya kazi, na hakuna jamii itakayoweza kusema kwamba zimwi ni la wenzao.

Katika usaili, tunapendekeza kila mwigizaji asome sehemu ya anayewinda na ya anayewindwa. Waigizaji wakibadilishana na hofu ikabaki palepale, mswada una hofu yake wenyewe. Hofu ikizidi kwa sababu tu fulani ndiye aliyesoma, basi imeazimwa kutoka kwa chuki iliyokuwako kabla ya filamu, na mswada urudishwe kwa mwandishi. Jaribio hilo halina gharama, nalo lafaa watengenezaji wa kujitegemea kuliko vifaa vingi vya kukodi.

Hitimisho

Filamu ya kutisha ina haki ya kututisha. Haina haki ya kututajia wa kuogopwa. Tofauti ya mambo hayo mawili huamuliwa mapema, katika jina, katika neno na katika lafudhi, na mambo hayo matatu ni ya taaluma yetu. Idara za Kiswahili zikiendelea kuyangoja maonyesho ya kwanza ndipo ziandike, zitakuwa zimechelewa.