Mjumbe wa Saba

Mtu akitaka kujua Burundi itapika kwa kitu gani, itajenga kwa kitu gani na magari yake yatatembea kwa kitu gani wiki ijayo, aende Kobero, mpakani mwa Muyinga ya Burundi na Ngara ya Tanzania, atazame malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Dereva na utingo wanasubiri karatasi za forodha. Wanaopita kwenda Kabanga, ng'ambo ya mpaka, na wanaorudi wanaelewana kwa Kiswahili. Saa hizo za kusubiri zinafaa sana kusoma, na lugha hiyohiyo ya foleni ina hazina ya riwaya zinazoiwazia kesho, riwaya ambazo ningependa kila anayepumzika likizoni azifungue.

Siku hizi kesho imekuwa kazi ya serikali. Burundi imejiwekea shabaha ya kuwa nchi inayoinukia mwaka 2040 na nchi iliyoendelea mwaka 2060. Jirani yake Tanzania ana Dira ya 2050. Reli ya kutoka Uvinza inapangwa kupita Musongati hadi Gitega. Naisoma mipango hii kwa hamu, kwa kuwa watoto wetu ndio watakaoipanda reli hiyo. Lakini dira hutueleza nchi itakuwa na nini. Mtunzi wa riwaya huuliza jambo gumu zaidi: nchi ikianza kupotea njia, nani ataruhusiwa kusema?

Hapo ndipo ufundi wa mwandishi Shaaban Robert unaponishangaza kila ninapokirudia kitabu chake Kusadikika. Kilichapwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, miaka kumi kabla ya uhuru. Nchi anayoisimulia inaelea angani, kwa hiyo hakuna mtawala anayeweza kusema kwa hakika kwamba ni yeye aliyetajwa. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kulia au kuomba radhi, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliowahi kutumwa na nchi yao: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja aliteseka njiani, akaona jinsi wengine wanavyoishi kwa haki na ustawi, akarudi na habari za kuifaa nchi. Kila mmoja akatiwa gerezani.

Tazama mpangilio wake. Mwandishi angeweza kutuchorea mji wa ajabu wenye taa na mitambo. Yeye ameiweka kesho kinywani mwa mshtakiwa, mbele ya watu wenye uwezo wa kumwua, na hivyo tunaisikiliza kwa hofu na matumaini pamoja. Tena ametufundisha kwamba Kusadikika haikukosa watu wa kuona mbali. Walikuwapo sita, na habari zao zilikuwa zimekamilika. Kilichokosekana ni sikio. Sijasoma uchambuzi wa maendeleo unaolisema hilo waziwazi kuliko kitabu hiki chembamba.

Waliomfuata waliutumia ufundi huo kila mtu kwa mkono wake. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyepata kuwekwa kizuizini enzi za Moi, alimtuma mhusika wake Dzombo angani katika Walenisi (1995): anapandishwa chombo kinachokusudiwa kumwua, anajifunza kukiongoza, anafika kwenye jamii ya watu walio sawa. Said Ahmed Mohamed wa Pemba alichukua njia ya kinyume katika Babu Alipofufuka (2001). Humo aliyekufa ndiye anayerudi kumwonyesha mjukuu wake, mkubwa mwenye cheo, nchi ilivyoharibika mikononi mwa watu kama yeye. Mzingile, riwaya ya mwandishi Kezilahabi (1991), ni ngumu, na msomaji asiyeizoea atahitaji subira, kwa maana inatupeleka hadi dunia iliyoteketea na kutafuta humo mwanzo mpya wa mwanadamu. Wote hao humvusha mtu mpaka, wakamrudisha au wakamwacha huko, ili sisi tupime gharama ya safari. Wakazi wa Kobero hawahitaji kuelezwa kwamba kuvuka kuna gharama. Wengi wamevuka hapo wakiwa wakimbizi, kisha wakavuka tena kurudi nyumbani.

Kwa hiyo anza na Kusadikika, kisha Walenisi. Ukivikosa Muyinga na Gitega, waandikie majina ya vitabu kwenye karatasi madereva wanaoshuka Dar es Salaam, uwape na fedha kamili, uwaombe wakununulie. Ukimaliza kusoma, mpe kijana wa sekondari aliye karibu nawe. Naye akimaliza, mwombe aandike kurasa mbili tu: mjumbe wa saba alitumwa wapi, aliona nini, na aliporudi alipokewaje.