Sifuri, Moja, Mbili: Arudhi ya Kigezo Kimoja

Matini ninayoihakiki hapa haijazi hata nusu ya mstari. Ni jina, alama ya usawa na tarakimu: vsync_adjust=0. Imo ndani ya faili la mipangilio la MiSTer, mradi ulioanzishwa na Alexey Melnikov mwaka 2017, ambao hutumia bodi iitwayo DE10-Nano kuziunda upya, ndani ya chipu moja inayopangika, saketi za mashine za michezo za zamani na kuziunganisha na televisheni za leo. Tarakimu hiyo inaweza kuwa 0, 1 au 2, na basi. Wachezaji wengi huibadilisha mara moja wakaisahau. Mimi naisoma kama tungo yenye fani yake, kwa kuwa katika nafasi finyu namna hiyo imebeba swali ambalo wanaarudhi wetu wanalifahamu fika: wasemaji wawili wenye mizani tofauti wakikutana, nani amfuate mwenzake?

Tuanze na msikilizaji wa awali. TV ya chogo haikuwa na kumbukumbu. Mashine ilipotamka mstari, mwale wa elektroni uliuchora papo hapo, kwa kuwa hapakuwa na pa kuuweka. Lilipokuja pigo la wima, yaani ishara ya kwamba fremu, picha moja nzima, imekwisha, mwale ulirudi juu ya kioo na kuanza upya. Pigo likiwahi kidogo, TV nayo iliwahi, na likichelewa, nayo ilichelewa. Wahandisi wa enzi hiyo walitunga kwa kuutegemea usikivu huo, na ndiyo sababu hawakujifunga kwenye namba kamili. Televisheni bapa ni msikilizaji wa tabia nyingine. Ina saa yake, hupenda kuipokea picha ikiwa nzima, na hutarajia fremu 60 kwa sekunde, au 50, au zile 59.94 za mfumo wa NTSC. Lakini mashine ya Super Nintendo iliyouzwa Japani na Marekani hutoa 60.0988.

Tarakimu hizo za mkiani zinastahili kusomwa kwa utulivu, maana ndizo chanzo cha kigezo chote. Saa kuu ya mashine hiyo hupiga takriban mara 21,477,272 kwa sekunde. Fremu moja ina mistari 262, na kila mstari huchukua mapigo 1,364, isipokuwa kwamba katika kila fremu ya pili mstari mmoja hukatwa hadi mapigo 1,360. Ukigawanya, unaipata 60.0988. Athari ya mkato huo ni kwamba ruwaza ya rangi inayotambaa kwenye kingo za picha hupishana kati ya hali mbili, fremu hadi fremu, na jicho huichanganya hadi ikalainika. Kwa mizani ya kawaida mstari uliopungua huifanya tungo kuwa guni. Hapa upungufu ndio ufundi. TV ya chogo iliupokea bila kuhisi lolote, ilhali baadhi ya vigeuzi vya kidijitali, vinavyozidisha mistari bila kuhifadhi fremu nzima, viliufanya uonekane, hadi televisheni nyingine zikaipoteza picha kabisa kwa ajili ya mapigo manne.

Thamani 0, ambayo ndiyo faili huanza nayo, huipa televisheni haki ya kupanga mizani. Fremu za mashine huwekwa katika bafa, yaani ghala la muda, nayo ishara inayotoka huchota kwa mwendo wake wa 60 kamili. Kwa Super Nintendo tofauti ni ndogo mno: katika kila sekunde 10 hivi, mashine huwa imetangulia kwa fremu moja, na fremu hiyo hudondoshwa. Mandhari inayopita skrini kwa ulaini hushtuka mara moja, kisha huendelea. Mchezo R-Type, ambao kampuni ya Irem iliutoa mwaka 1987 kwa mashine za kumbi za michezo, hali yake ni ngumu zaidi. Unakwenda kwa fremu 55 hivi kwa sekunde, kwa hiyo karibu fremu 5 hurudiwa kila sekunde ili kujaza pengo. Na kwa kuwa umbo lake kwa sehemu kubwa limejengwa juu ya mandhari inayosogea polepole bila kubadili mwendo, marudio hayo hayana pa kujificha. Lugha yetu ina neno la kasoro hii ambalo halihitaji kutoholewa: ni kigugumizi. Silabi zote zipo, mpangilio wake ni sahihi, ila moja hutamkwa mara mbili mahali ambapo mtunzi hakuiweka mbili.

Thamani 1 huigeuza haki hiyo, na mbinu yake inapendeza kwa uchache wake. Ishara ya kawaida ya 1080p hubeba, pamoja na sehemu zisizoonekana, pikseli 2,200 kwa upana na mistari 1,125 kwa kimo. Kwa fremu 60, hiyo ni saa ya pikseli ya megahezi 148.5. Kigezo hakigusi upana wala kimo. Hakiongezi mstari, hakipunguzi pikseli. Hubadilisha saa peke yake, ikafika karibu megahezi 148.74 kwa Super Nintendo na kushuka hadi karibu 136 kwa R-Type. Ni sawa na mghani ambaye hagusi neno lolote katika ubeti wa mwenzake, bali hubadili kasi ya kughani hadi pumzi zao zikutane. Kigugumizi hutoweka kwa sababu pengo lililokizaa limezibwa. Hata hivyo bafa bado ipo: fremu hupokewa ikakamilika kabla haijapelekwa mbele, na mchezaji hulipa ukawiaji huo, muda ulio kati ya kidole na picha, kwa kiasi cha fremu moja au zaidi.

Thamani 2 huidumisha saa iliyorekebishwa na kupunguza ghala. Badala ya fremu kadhaa zinazopokezana, linabaki ghala moja, ambamo mashine huandika na televisheni husomewa wakati ule ule, msomaji akiwa nyuma ya mwandishi kwa mistari michache. Tofauti ya kipimo si ndogo: fremu moja huchukua milisekunde 16.6, ilhali mstari mmoja wa Super Nintendo huchukua takriban 0.06. Katika upande huu wa waya, uhusiano wa zamani umerejea kwa kiasi kikubwa. Lisemwalo linachorwa likiwa bado linasemwa.

Hapa ndipo umbo la kigezo linapofichua hila yake. Tarakimu 0, 1, 2 hujionyesha kama ngazi, kana kwamba kila hatua huongeza kiasi cha kitu kile kile. Sivyo. Kutoka 0 hadi 1 kinachobadilika ni mwendo. Kutoka 1 hadi 2 kinachobadilika ni hifadhi. Ni maswali mawili yaliyoshonwa katika uzi mmoja, na maswali mawili yenye majibu mawili kila moja hutoa vyumba vinne. Kigezo kinataja vitatu. Chumba cha nne kingekuwa mwendo usiolandana pamoja na ghala moja: msomaji anayemfuata mwandishi hatua kwa hatua ilhali miendo yao haifanani. Punde si punde mmoja angempita mwenzake katikati ya ukurasa, na skrini ingeonyesha nusu ya juu ya fremu moja juu ya nusu ya chini ya nyingine, picha ikiwa na mpasuko. Mtunzi hakukikataza chumba hicho kwa onyo wala kwa ujumbe wa kosa. Alichagua namna ya kuhesabu ambayo ndani yake hakiwezi kutamkwa. Vigezo viwili vya ndiyo na hapana vingeeleweka upesi zaidi, lakini vingeuacha mlango huo wazi. Tarakimu moja huufunga kwa sarufi. Huo ndio ubora wa kifani ninaoushikilia katika matini hii, na sidhani kwamba ufupi wake ni bahati tu.

Kuna haja pia ya kueleza kwa nini tungo inayopanda hivi huanza chini. Saa ya pikseli iliyorekebishwa ni ombi, na televisheni ina hiari ya kulikataa. Megahezi 136 si kitu ambacho kila skrini hukubali. Katika thamani 2 mashaka ni makubwa zaidi, kwani mchezo unaobadili aina ya ishara katikati ya safari, mathalani kutoka mistari 240 hadi 480 yenye kupishana, huilazimisha televisheni kujipanga upya, na skrini huwa nyeusi kwa muda. Sifuri ndiyo sentensi ambayo takriban kila televisheni inaielewa. Kuitanguliza ni adabu ya mgeni kwa mwenyeji asiyemjua, na mpangilio wa tarakimu hufuata adabu hiyo: kadiri thamani inavyopanda, ndivyo mgeni anavyodai zaidi. Kigezo nacho hakidai mamlaka ambayo hakina. Ukawiaji unaozaliwa ndani ya televisheni yenyewe, inaponoa picha na kuipamba, kiko mbali nao. Huo hupunguzwa kwa rimoti, katika modi ya michezo.

Inabaki athari, nayo ni ya ajabu kwa mpangilio wa picha, maana hauigusi picha. Rangi ni zile zile, ukali wa kingo ni ule ule, na fremu iliyosimamishwa haiwezi kukuambia ni thamani gani iliyochaguliwa. Kwa hiyo usomaji wake lazima ufanywe kwa wakati. Anza na R-Type katika 0 na uzitazame nyota za nyuma zikipita: kigugumizi kipo. Nenda 1, nacho kimekwisha. Jicho limetosheka na haliombi zaidi. Nenda 2, na jicho halitaona tofauti yoyote, hata ukilikodoa kutwa nzima. Chukua sasa kidhibiti, uirushe ndege juu kuikwepa risasi, kisha urudi 1 ufanye vile vile. Kidole gumba kitakuwa kimeshajua.

Maswali mawili niliyoyataja, basi, yana wasomaji wawili. Mwendo huandikiwa jicho, hifadhi huandikiwa kidole. Chumba cha nne, kile kisichoweza kutamkwa, kingekuwa tungo ya kukipendeza kidole kwa kulipasulia jicho ukurasa.