Utupu wa Mbele: Kusoma Mandhari Ndogo za Antwerp

Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp, alipotoa mandhari ndogo za vijijini mwaka 1559 na nyingine mwaka 1561, chapa 44 kwa jumla, hakumtaja mchoraji. Waliomfuata walitaja. Toleo la 1601, lililotoka katika nyumba ya uchapishaji ya Galle, lilizinasibisha na Cornelis Cort, naye Claes Jansz. Visscher alipozinakili upya Amsterdam mwaka 1612, alizipa jina la Pieter Bruegel, aliyefariki mwaka 1569 na ambaye jina lake lilikuwa na soko. Tangu hapo unasibishaji umekuwa ukihamahama, kwa Cornelis van Dalem, kwa Joos van Liere, na wengi leo huridhika kumwita Fundi wa Mandhari Ndogo. Michoro ya kalamu iliyotangulia chapa haina saini ya kuaminika. Karatasi ya aina hii inapofika mnadani, katalogi hupanda na kushuka ngazi yake ya kawaida, “inayonasibishwa na”, “ya mduara wa”, “ya mfuasi wa”, na bei huifuata ngazi hiyo.

Tuiache ngazi, tuisome karatasi. Kizazi cha mchoraji Joachim Patinir kilikuwa kimempandisha mtazamaji mlimani: upeo wa macho uko juu, na chini yake imetandazwa dunia nzima, miamba, mito na bandari, pamoja na mtakatifu mdogo ambaye ni lazima utafutwe. Hapa jicho limeshushwa hadi kimo cha mtu aliyesimama njiani. Upeo uko chini, mapaa yanauziba, na kwa kuwa hakuna kinachotazamwa kutoka juu, kina cha picha hujengwa kwa vitu kufichana: ukingo wa paa unakata shina la mti, mti unakata mnara wa kanisa, na kilichoko nyuma tunakikisia. Tuuite usitirifu; ndio unaoipa mvuto mandhari ambamo hakuna linalotokea.

Lakini uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko mbele, pale pasipo na kitu. Sehemu kubwa ya chini ya karatasi imeachiwa njia au uwanja mtupu, na mistari michache iliyolala ndiyo inayotuambia kwamba ardhi hii hukanyagwa. Mchoraji wa wastani angeweka pale kisiki, au mbwa, ili jicho lipate mahali pa kuanzia. Huyu anauachia weupe wa karatasi kazi ya vumbi na ya mwanga kwa pamoja. Kalamu inapofika kwenye ezeko la nyasi, mistari mifupi inafuata mteremko wa paa. Kwenye majani ya miti inageuka vitanzi vya harakaharaka. Penye kivuli hainenepi bali inasongamana. Uchumi huu wa alama haukutokana na uvivu: kila msongamano unahitaji utupu wa kuupima.

Ndugu Johannes na Lucas van Doetecum, waliozihamishia mandhari hizi kwenye mabamba ya shaba kwa tindikali, walikuwa mafundi wa hali ya juu, na ufundi wao ndio uliopunguza kitu. Mstari uliosita umenyooshwa, kivuli kimepangwa safu kwa safu, na watu wadogo wameongezwa njiani. Chapa inasomeka kwa urahisi zaidi. Mchoro unasomeka kwa muda mrefu zaidi.

Je, ni Bruegel? Umbo lenyewe linanifanya nikatae. Katika michoro ya milima iliyotokana na safari yake ya Italia ya miaka ya 1550, ardhi huinuka na kuzama kama kiumbe kinachopumua, na mikato ya kalamu humeguka kuwa nukta kadiri masafa yanavyozidi. Fundi wetu hana haja na masafa. Ukuta wa karibu unamtosha.

Kwa hiyo karatasi kama hii ikitolewa kuuzwa, ningeanza kuitazama chini kabla ya kutafuta saini. Mbele pakiwa pamejazwa watu na ng'ombe kwa wino ule ule uliochora mapaa, ningetilia shaka. Pakiwa patupu, na utupu huo ukawa umepimwa, ningekuwa tayari kubishania mkono wa Fundi hata kama katalogi imeushusha hadi “mfuasi”.