Sauti ya Chombo na Hukumu ya Safari katika Riwaya ya Aurora

Katika Aurora (2015), riwaya ya kisayansi ya Mmarekani Kim Stanley Robinson, takribani watu elfu mbili wanasafiri kwa vizazi kadhaa kuelekea nyota ya Tau Ceti, iliyo umbali wa karibu miaka nuru 12. Msimulizi mkuu si binadamu, bali kompyuta ya chombo chenyewe, iliyoagizwa na mhandisi Devi iandike masimulizi ya safari. Mwanzoni inaitilia shaka sitiari. Baadaye inajiita “sisi”. Ukuaji huo wa lugha ndio ufanisi mkubwa wa riwaya: nafsi inazaliwa ndani ya sarufi.

Hata hivyo, uteuzi wa msimulizi huyo una gharama yake. Makazi katika mwezi uitwao Aurora yanaposhindikana kwa sababu ya maradhi, wasafiri wanagawanyika: wengine wanabaki, wengine wanarejea. Chombo kinaondoka na wanaorejea, na mtazamo wa msomaji unaondoka nacho. Hivyo hoja kwamba binadamu hawezi kustawi mbali na dunia yake inashinda bila ya kusikiliza shahidi wa upande wa pili.

Hoja iliyo imara zaidi ni ya kimaadili: mababu waliojichagulia safari hawakuwa na haki ya kuwachagulia wajukuu. Inadhihirika baada ya sauti ya chombo kuzimika, pale Freya, binti Devi, anapomshambulia duniani mtetezi wa safari mpya. Hapo anayehukumu ni mtoto aliyezaliwa njiani.