Carmen Uwanjani: Muziki wa The Bad News Bears kwa Sikio la Beni

Filamu ya The Bad News Bears (1976), iliyoongozwa na Michael Ritchie na kuandikwa na Bill Lancaster, ni futuhi kuhusu watoto wa California wanaoshindwa hata kudaka mpira. Kocha wao, Buttermaker, ni mlevi anayejipatia riziki kwa kusafisha mabwawa ya kuogelea. Mechi yao ya kwanza ya besiboli inaishia 26–0, kocha akiwa amesalimu amri. Mtunzi Jerry Fielding hakuwapa watoto hao muziki wa kitoto: alichukua Carmen, opera ya Georges Bizet iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875, akaipanga upya kwa ajili ya uwanja wao.

Ni rahisi kuuona uamuzi huo kuwa dhihaka tupu. Muziki wa shujaa anayepambana na fahali unasikika, kisha mpira unampita mtoto katikati ya miguu. Hata hivyo, usomaji huo haueleza kwa nini muziki uleule unaendelea kufaa watoto wanapoanza kushinda.

Msikilizaji wa Dunda, Bagamoyo, ana kipimo kingine. Katika ngoma ya beni, iliyoenea pwani tangu mwishoni mwa karne ya 19, wachezaji walitwaa tarumbeta, gwaride na vyeo vya majeshi ya kikoloni. Terence Ranger (1975) alikataa kuiona beni kuwa uigaji mtupu wa wazungu. Aliihusisha na desturi kongwe ya mashindano ya mitaa ya Waswahili. Marini walijihesabu watu wa hadhi, Arinoti wakadharauliwa. Aliyedharauliwa alipovaa cheo cha jenerali, kicheko hakikumwangukia yeye peke yake. Kilikigusa na cheo chenyewe. (Mkazi wa Pemba, aliyezoea mchezo wa ng'ombe ambamo fahali hauawi na watazamaji hucheka, huenda asimwone shujaa wa Bizet kuwa mtu wa kutisha hata kidogo.)

Ndivyo Carmen inavyofanya kazi katika filamu hii. Fahari ya muziki inawapima watu wazima. Katika fainali, kocha wa Yankees anampiga mwanawe kofi mbele ya umati, naye Buttermaker amekwisha kuanza kufanana naye. Anapogundua hivyo, anawaingiza uwanjani wachezaji wa akiba, walio dhaifu kuliko wote. Timu inafungwa 7–6. Washindi wanapoomba radhi, watoto wanawajibu kwa matusi na kumwagiana bia. Hakuna shukrani wala funzo, na muziki haushuki daraja kuwafuata kwenye kushindwa.

Haki hiyo ya kushindwa bila adabu ni nadra katika filamu kuhusu vijana wa Afrika Mashariki. Queen of Katwe (2016) ya Mira Nair, pamoja na uzuri wake, inamtaka mchezaji wa sataranji awe mfano wa kuigwa. Timu ya besiboli ya watoto wa Kampala, Uganda, ilinyimwa viza za Marekani mwaka 2011. Mwaka 2012 timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ikafika Williamsport, ya kwanza kutoka Afrika katika mashindano hayo. Kisa hicho kimezoea kusimuliwa kwa huruma. Ofisi ya viza, mihuri yake na foleni yake, ni mandhari ambayo tarumbeta za beni zingeyamudu vyema kuliko vinubi vya huzuni.