Nipe Mji

Swali lilikuwa hili: Steve Jackson ni wangapi?

Tulikuwa watatu kwenye hoteli ya mabati hapa Moi's Bridge. Malori ya mahindi yalikuwa yamepanga foleni nje, na chai yetu ilikuwa imeanza kufanya ngozi juu. Aliyeuliza ni jirani yangu wa bodaboda. Mwalimu, ambaye ametuzidi umri na hupenda kujibu kwanza, akasema, "Mmoja."

Jirani akagonga meza. "Nipe mji, mwalimu."

Kama ulikua mahali ambapo watoto walitegana vitendawili jioni, unaijua sheria. Ukishindwa unatoa mji, na mwenzako ana haki ya kuukataa. Mwalimu alitoa Kitale, ikakataliwa. Akatoa Bungoma, ikakataliwa pia: "Bungoma niko na mashemeji, siwezi pumzika." Mwishowe akatoa Mombasa. Jirani akaenda Mombasa, akala biriani, akaogelea, akarudi na jibu. Ni wawili. Mmoja Mwingereza, mwingine Mmarekani, wote wanaitwa Steve Jackson, na wote wameandika kwenye msururu mmoja wa vitabu.

Sasa utaniuliza hii inamsaidia nani. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Msururu wenyewe unaitwa Fighting Fantasy. Kitabu cha kwanza, The Warlock of Firetop Mountain, kilitoka Uingereza mwaka 1982 chini ya Puffin. Waandishi ni Ian Livingstone na Steve Jackson (yule Mwingereza), ambao mwaka 1975 walikuwa wameanzisha kampuni ya Games Workshop pamoja na mwenzao John Peake. Husomi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hadithi imekatwa vipande 400 vyenye nambari, ikachanganywa kama karata. Unasoma aya ya 1, unafika kwenye njia panda, unachagua: magharibi nenda 71, mashariki nenda 278. Mhusika mkuu hana jina. Anaitwa wewe.

Unahitaji penseli na dadu mbili. Kabla ya kuanza unarusha upate ustadi wako, nguvu zako na bahati yako, na unaziandika kwenye karatasi iliyo ndani ya kitabu. Mimi nilinunua vitatu kwa mpigo mmoja Kitale, kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara. Migongo ya kijani, kurasa za manjano. Kwenye kimoja kulikuwa na mtoto fulani wa zamani aliyejaza karatasi yote kwa penseli, na nguvu zake zilikuwa zimefutwa na kuandikwa mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichojua kuhusu vitabu hivi: mtu fulani aliwahi kufia hapa mara nyingi sana.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, kisha mimi mwenyewe nikakwama, na nikipima ukweli sijui ni lipi lilitangulia. Siku hizi naandika kwa kulipwa: maelezo ya bidhaa, insha za watu wengine, chochote. Jioni tunaulizana maswali.

Kuna watu wanaoona kwamba mchezo huu wetu ni utoto, kwamba kujua nani alichora jalada na aya gani ina joka si kusoma. Nawaelewa. Pia nimekaa shuleni miaka kumi na miwili nikiulizwa maswali ya aina hiyo hiyo, tena kwa heshima kubwa. "Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Nani alisema, alimwambia nani, wapi, kwa nini. Tofauti ni kwamba shuleni muulizaji alikuwa na jibu kwenye karatasi yake na hakulihitaji. Jirani yangu alipouliza kuhusu Steve Jackson, alikuwa na kitu kinachomkera rohoni, na alitaka tukere pamoja.

Lazima nikubali kwamba maswali hayalingani. Mengine ni njugu tu, unatafuna na kusahau. Chukua hili: majina ya kitabu cha Livingstone, Deathtrap Dungeon cha mwaka 1984, yametoka wapi? Kuna mji unaitwa Fang, mto unaitwa Kok na mtawala anayeitwa Baron Sukumvit. Jibu ni Thailand. Fang ni mji wa kaskazini mwa nchi hiyo, Kok ni mto, na Sukhumvit ni barabara kubwa ya Bangkok. Livingstone alitembea huko, akarudi na majina. Mwalimu alicheka sana aliposikia, ati mfalme mkatili amepewa jina la barabara, ni kama mtu aandike riwaya yenye Sultani Thika Road. Kisha akanyamaza kidogo. Mji wetu huu uliitwa Hoey's Bridge kwa miaka mingi, jina la mlowezi mwindaji aliyevuka Nzoia hapa, na sasa una jina la rais. Sisi pia tunaishi ndani ya jina lililobandikwa na mpita njia. Lakini hapo swali linaishia. Halikufanyi usome Deathtrap Dungeon tofauti na ulivyokisoma jana.

Linganisha na hili: kwenye The Warlock of Firetop Mountain, mwandishi anabadilika wapi? Jibu: mtoni. Livingstone aliandika safari mpaka kwenye mto ulio ndani ya mlima, Jackson akaandika kutoka ng'ambo. Ukishajua hilo, rudi usome. Kabla ya mto ni vyumba na milango: fungua, pigana, okota, endelea. Baada ya mto unaingia kwenye mzingile ambao haukupigi kwa upanga, unakuchosha. Unazunguka, unarudi ulipotoka, aya zinaanza kufanana, na hofu inayokupata ni ya kupoteza muda. Akili mbili tofauti ziko ndani ya mlima mmoja, na swali dogo la mezani ndilo linalokuonyesha mshono. Hilo kwangu ni uhakiki, hata kama limeulizwa na mtu mwenye kofia ya pikipiki mapajani.

Swali lililotugombanisha kweli lilihusu vito. Deathtrap Dungeon ni shindano. Baron amechimba handaki la mitego, na atakayetoka hai upande wa pili anapata vipande 10,000 vya dhahabu. Swali la mwalimu: unahitaji vito gani kwenye mlango wa mwisho? Zumaridi, yakuti ya bluu na almasi, vyote vitatu. Jirani alijibu bila kupepesa. Kisha akauliza lake: na kama huna kimoja?

Kama huna kimoja, umeshindwa. Na hapa ndipo uzuri na ukatili wa kitabu hiki ulipo. Hakuna anayekuambia mlangoni pa kuingilia kwamba utahitaji vito. Unaweza kupita chumba chenye kito kwa sababu ulichagua njia nyingine, uendelee vizuri, uue majitu, ufurahi, na muda wote huo uwe tayari umeshindwa. Unasoma kurasa nyingi kama maiti inayotembea. Kitabu kinajua. Wewe hujui.

Mwalimu alikitetea. Alisema maisha ndivyo yalivyo, na kwamba ukianza upya mara kumi utajifunza njia. Jirani akasema, "Mwalimu, mimi nilianguka hesabu kidato cha pili. Nilianza upya wapi?" Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilijifanya natafuta sukari.

Kuhusu ufundi, nilitaka kumuunga mkono jirani. Kitabu chenye njia moja tu ya kushinda kinadanganya kinapokuita wewe na kukupa machaguo. Machaguo mengi pale ni mapambo, kwa sababu njia ni moja na nyingine zote ni makaburi ya umbali tofauti. Hata bahati imewekewa mtego: kila unapoijaribu inapungua pointi moja, iwe imekuokoa au haikukuokoa. Ndiyo maana wasomaji wote, sisi na yule mtoto wa penseli, tulivumbua dawa ile ile bila kufundishana. Unaweka kidole kwenye ukurasa uliotoka. Ukifa, unarudi. Jirani husoma Lone Wolf kwenye simu, kwa sababu mwandishi wake, Joe Dever, aliruhusu vitabu hivyo viwekwe mtandaoni bure. Anasema kidole chake ni kitufe cha kurudi nyuma. Tukiita wizi, basi ni wizi wa mtu anayedai alichoahidiwa.

Hapo ndipo swali la kwanza lilirudi mezani, na ndipo nilipoelewa jirani alikuwa anakerwa na nini. Yule Steve Jackson wa pili, Mmarekani, aliandika Scorpion Swamp, pia mwaka 1984. Jirani alikuwa amekiazima kwangu, akakisoma kwa siku tatu kati ya abiria, akaona ni kitabu tofauti kabisa, na hakuelewa ni vipi mtu yule yule angeweza kukiandika. Kwenye Scorpion Swamp unaruhusiwa kurudi. Kinamasi kimegawanywa sehemu zenye nambari, unachora ramani yako, na ukitaka kurudi ulikopita unarudi. Kitabu kinakuuliza kama uliwahi kufika hapo, na kama ndiyo, kinakupeleka kwenye aya nyingine inayokumbuka ulichofanya. Una pete ya shaba inayokuonyesha kaskazini. Hata kazi unachagua mwenyewe, kati ya waajiri watatu, mwema, mbaya na wa katikati. Hakuna haja ya kidole.

"Huyu mwingine," jirani alisema, "alijua mtu hurudi."

Ningependa kumaliza hapo, lakini ingekuwa uongo. Nimekisoma Scorpion Swamp mara mbili na Deathtrap Dungeon mara tisa. Kinamasi hakitishi. Ukijua unaweza kurudi, unatembea kama mtu anayeenda dukani. Ndani ya handaki la Baron, kila mlango unanikausha koo, na picha za Iain McCaig zinakaa kichwani usiku, hasa yule kiumbe aliyejaa macho. Kitabu kisicho haki ndicho kilichoandikwa vizuri zaidi, na hilo linaniudhi, kwa sababu najua jinsi ninavyosimulia kuhusu chuo. Nasimulia kama handaki: kuna kito nilikipita mwaka wa kwanza, na kila kitu baada ya hapo ni maiti inayotembea. Ni hadithi tamu. Watu husikiliza. Ile ya kinamasi, kwamba fomu za kurudi zipo na kinachohitajika ni karo na barua, haina msisimko wowote.

Nilimwambia mwalimu hivyo, nusu kwa mzaha. Hakunipa ushauri. Aliita chai nyingine, akachukua penseli yangu, akafungua kitabu kwenye karatasi ya yule mtoto.

"Swali," akasema. "Huyu mtu alifika 400?"

Tuliangalia. Nguvu zimefutwa mpaka shimo, bahati imebaki 3, na kwenye nafasi ya vito ameandika zumaridi na almasi tu. Hakuna yakuti. Jirani akasema hakufika. Mimi nikasema labda alifika mara nyingine, kwenye karatasi nyingine. Mwalimu akasema hatuwezi kujua, kwa hivyo sote tumeshindwa, na kila mtu atoe mji.

Jirani alitoa Kisumu. Mimi nilitoa mji ule wenye chuo. Mwalimu akaukubali mara moja, akakunja mikono, na akatusimulia alivyofika huko na alichokula.