Zitapunguzwa na Nani?

Nimesoma riwaya mbovu, lakini hakuna maandishi yanayonikera kama ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sichagui kibarua. Mwaka jana nilitafsiri muhtasari wa ripoti ya mradi mmoja wa upepo, usomwe barazani. Niliandika: "Athari kwa ndege zitapunguzwa." Mzee mmoja akainua bakora. "Zitapunguzwa na nani?"

Manze, nilinyamaza. Kurasa zote zile, na vitenzi karibu vyote ni vya kutendwa. Miti itapandwa. Jamii itahusishwa. Hadithi nzima haina mhusika.

Na ndege wenyewe si mchezo. Tumbusi hupaa akitazama chini kutafuta mzoga. Panga la mtambo lililo mbele yake huenda asilione. Jozi moja hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hivyo wakifa wakubwa wachache, pengo lao huchukua miaka kuzibika. Tumbusi wa Rüppell na yule wa mgongo mweupe tayari wanakaribia kutoweka, na sumu inayotegewa simba na fisi imewamaliza wengi.

Sisemi tuzime mitambo. Stima ya upepo naipenda kuliko ya makaa. Nataka tu sentensi yenye mtendaji. Angalia Kipeto, Kajiado: mitambo 60, megawati 100. Pale kuna watu wanaochunga anga kwa darubini. Tumbusi akikaribia, wanaagiza mtambo usimame. Wengine huondoa mizoga ya mifugo isiwavute ndege. Sisemi mradi huo ni mtakatifu. Nasema kuna mtu unayeweza kumuuliza: leo umeona wangapi, umesimamisha mara ngapi?

Sheria ya mazingira ya 1999 inakupa nafasi ya kutoa maoni kabla leseni haijatolewa. Si mapambo. Mwaka 2019 leseni ya mradi wa makaa Lamu ilifutwa, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Upepo nao upimwe kwa mizani hiyo hiyo. Neno "safi" lisitufumbe macho. Soma ripoti kama unavyosoma riwaya: nani anafanya nini, lini, kwa pesa ya nani?

Na ile sentensi yangu? Baada ya baraza nilimwomba aliyenipa kazi anitajie mtendaji, nirekebishe. Akasema, "Iache tu hivyo." Nikaiacha. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika.